Nusu-maisha bila kaunta ya Geiger

Mwalimu wa Arua, kama huna kaunta ya Geiger (kifaa cha kuhesabu mionzi) wala chanzo cha mionzi, nusu-maisha, yaani muda wa nusu ya atomi zenye mionzi kuoza, bado unaifundisha. Chukua punje 100 za maharage, tia wino upande mmoja, tikisa koponi, mwaga mezani. Toa zote zinazoonyesha wino, hesabu zilizobaki, rudia. Kila punje ni atomi, iliyotolewa imeoza, na kila mwago ni nusu-maisha moja kwa kuwa karibu nusu hutoka. (Vizibo vya soda nilijaribu, vinapenda kulala upande mmoja.) Ukiwa na dadu nyingi, toa zenye sita tu: nusu-maisha inakuwa karibu mirusho 4, na hapo ndipo wanafunzi wa S4 (kidato cha nne) wanaanza kubishana vizuri. Chanzo halisi usinunue kimyakimya, kinahitaji kibali cha Baraza la Nishati ya Atomiki la Uganda. Ukiazima kaunta, isogeze kwenye mbolea ya potashi: potasiamu-40 iliyomo, aina ya potasiamu yenye mionzi, itaiongezea mlio.