Muulize Fundi: Joto la ekzosi linaweza kurudi kusukuma lori?

SWALI: Fundi shikamoo. Mi ni dereva wa semi, ruti yangu Dar–Tunduma. Juzi tumelala Makambako jamaa mmoja akanionyesha video, mtu kaviringisha bomba la shaba kwenye ekzosi, upande mmoja anaingiza maji, upande wa pili unatoka mvuke unazungusha kidude kama feni. Anasema ukiifunga hiyo kitu dizeli inapungua nusu. Bosi kaisikia kaniambia nitafute fundi. Ni kweli au tunapigwa?
*Dereva wa Tunduma, Dar*

JIBU: Marahaba kijana wangu. Huyo wa kwenye video hajadanganya kila kitu, na ndo maana uongo wake mtamu. Joto lipo, tena jingi mno, na mvuke kweli utatoka. Kasheshe ni hiyo nusu.

Tupige hesabu ya lori lako lenyewe. Tuseme umebeba, unakwenda kilomita 60 kwa saa na lita moja inakupeleka kilomita mbili na nusu, basi kwa saa umeunguza lita 24. Lita moja ya dizeli ina kama uniti 10 ndani yake, uniti hizihizi za Luku unazonunua nyumbani, kwa hiyo kila saa unachoma uniti 240. Zinazofika kwenye krenki kusukuma lori ni kama 95 hivi na hapo injini ni nzima, nyingine zinakwenda na rejeta, oili na upepo unaopita kwenye bloku, na zinazotoka na moshi ni kama 70. Uniti 70 kwa saa moja! Kuna nyumba mtaani kwetu hizo ni za mwezi mzima, we unazipuliza hewani kabla hujafika Chalinze. Kwa hiyo mtu akiziona akatamani kuzirudisha mi simcheki, hata mimi nilishatamani.

Sasa shida inaanza pale unapotaka kuzikamata. Mvuke wenye presha ya maana, tuseme bar 10, maji yake yanachemka kwenye nyuzi 180, sio 100 kama sufuria ya nyumbani. Moshi ukishapoa ukakaribia hapo haukupi kitu tena, na ukiulazimisha upoe zaidi, unyevu na salfa ya kwenye dizeli vinatengeneza asidi inayokula bomba. Basi unapata nusu, uniti 35. Hizo 35 nazo haziwi nguvu zote, kainjini kadogo ka mvuke kalikotengenezwa vizuri kanageuza kama 15 katika 100, unabaki na uniti 5. Tano juu ya 95. Na hapo nimekupa kainjini kazuri, hako kafeni ka kwenye video sidhani hata uniti moja kanafikisha.

Alafu zile 30 zilizobaki zimeenda wapi? Zimo ndani ya mvuke uliokwisha kazi, na hapa ndo watu wa video huwa wanakata kamera. Una njia mbili. Uuachie mvuke uende zake, basi utakuwa unamaliza lita karibu 50 za maji kila saa, Dar mpaka Tunduma kwa mwendo huo ni saa 15, piga mwenyewe, zaidi ya kilo 700 za maji unabeba bure na mizani ya Vigwaza inakusubiri. Au uupoze urudi kuwa maji, maana yake ufunge rejeta ya pili, tena kubwa, mbele ya lori ambako tayari kuna rejeta ya injini, intakula (ile inayopoza hewa ya turbo) na kondensa ya AC vinagombania upepo uleule. Na kule mlima Kitonga, unapanda taratibu kwa mzigo, joto ndo limepanda na upepo ndo hamna.

Hii sio mimi tu nakatisha tamaa. Wenye hela wamejaribu. BMW mwaka 2005 walitangaza mfumo wa mvuke kwenye injini ya lita 1.8, wakasema mafuta yanapungua kwa asilimia 15 na nguvu inaongezeka, mpaka leo hakuna gari lao la kununua lenye kitu hicho. Honda nao 2008 wakaeleza jaribio lao kwenye gari la haibridi, la mafuta na umeme, ufanisi wa injini ukapanda kutoka asilimia 28.9 mpaka 32.7 kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa.  Marekani kwenye mradi wa serikali wa malori, ule wa SuperTruck, Cummins na Peterbilt waliweka mfumo wa namna hii, na badala ya maji wakatumia kimiminika kinachochemka kwenye joto dogo. Ulifanya kazi, ila ilikuwa lori la majaribio lenye wahandisi nyuma yake, sio semi inayolala Makambako.

Kwa safari yako ya kilomita 900 unakunywa kama lita 360. Zile uniti tano juu ya 95 ni kama asilimia 5, yaani lita 18. Lita 18 unazitafuta kwa kukagua presha ya tairi, kubadilisha filta ya hewa na kuacha kuungurumisha injini saa mbili foleni ya mpakani. Mwambie bosi hivyo, najua hatapenda.

Alafu niongeze la usalama maana hili linaniuma. Miaka ya nyuma mimi na mwenzangu tulifanya utundu huohuo kwenye injini ya pampu ya maji, silinda moja, bomba la shaba mita 6 tumeliviringisha kwenye ekzosi na viungo tumelehemu kwa risasi ya kawaida. Dakika kumi raha tupu, mvuke unapiga filimbi. Tusichojua ni kwamba maji ya kisima yalikuwa yanaacha ukoko ndani, ule wa kwenye birika, mpaka pale kwenye kona pakaziba. Maji hayaji, bomba likakauka, na risasi ya kulehemu inayeyuka kwenye nyuzi kama 190 wakati ekzosi inacheza kwenye 400. Kiungo kikafunguka. Mvuke wenyewe huuoni, unachoona ni lile wingu jeupe la mbele, karibu na bomba ni kama hewa tupu na hapo ndo pa hatari. Mwenzangu alikuwa kavaa gambuti na koti zito, bahati yake, rangi ya mlango nyuma yake ilivimba ikatoka malengelenge. Kwa hiyo kama lazima ujaribu, bomba lisizibwe mwisho popote, valvu ya usalama iwepo, na usilehemu kwa risasi.

Mvuke wa joto la moshi una mahali pake, ni pale injini inapofanya kazi ileile masaa na masaa na maji ya kupozea yako miguuni. Meli. Mwingereza William Still alishalifikiria hili zaidi ya miaka mia iliyopita, pistoni moja, upande wa juu dizeli inapiga, upande wa chini mvuke uliochemshwa na joto la injini yenyewe unasukuma. Meli ya Dolius ya mwaka 1924 ilitembea na injini hiyo, na kuna kichwa cha treni kilitengenezwa Leeds, kinaondoka stesheni kwa mvuke alafu kikishachanganya dizeli inapokea. Ilifanya kazi, ila ilikuwa na vyuma vingi mno vya kutunza. Siku hizi wanatenganisha, boila kwenye bomba la moshi na turbini pembeni. Emma Mærsk, meli ya makontena ya Denmark ya 2006, injini yake ni kama megawati 80, na joto la moshi linaongezea umeme wa megawati 8 na ushee. Huko baharini kondensa yako, yaani cha kuupozea mvuke, ni bahari nzima.

Na huhitaji kwenda Denmark. Majirani zetu Kenya, mitambo ya Rabai kule pwani na Thika, injini zinachoma mafuta mazito na moshi wake unaendesha turbini ya mvuke. Hata Kinyerezi II hapa Dar, megawati 240, ni wazo hilohilo ila pale ni turbini za gesi.

SWALI: Mkuu, kuna injini nimesikia ina stroku sita, maji yanapulizwa ndani ya silinda kabisa. Si inaruka hayo matatizo ya boila?
*Mwanafunzi wa VETA*

JIBU: Umesikia sawa. Mmarekani Bruce Crower, fundi wa kamshafti, aliitangaza mwaka 2006. Baada ya stroku nne za kawaida, yaani pistoni kupanda na kushuka mara mbili, maji yanapulizwa kwenye silinda ya moto, yanageuka mvuke papo hapo, yanasukuma pistoni mara moja ya ziada na yanaipoza injini humohumo, akawa anaota gari lisilo na rejeta. Wazo zuri kweli. Ila maji yawe safi kabisa la sivyo chumvi inabaki kwenye valvu, chuma cha moto kupigwa maji ya baridi mara elfu kwa dakika kinachoka, yakipenya kwenye oili umeua beringi. Na maji hayo unayabeba au unayapoza uyarudishe, tumerudi kwenye rejeta palepale.

SWALI: Mimi nina loji ndogo porini, jenereta la kVA 50 linaanza saa kumi na mbili jioni. Nichote joto lake nipate umeme zaidi?
*Mama Loji*

JIBU: Umeme hapana mama, ila maji ya kuoga ndiyo, na hili ningekufungia hata kesho. Joto ulitumie kama joto, hapo hupotezi kitu kwenye kuligeuza. Jenereta lako likibeba nusu ya mzigo linakunywa kama lita 6 kwa saa, kwenye maji ya rejeta unapata kama uniti 18 kila saa. Tenki la lita 500 kulitoa nyuzi 22 mpaka 55 linataka uniti 19. Saa moja na kidogo, wageni hawajamaliza hata supu.

Nunua kibadilisha joto cha sahani, maji ya rejeta yapite upande huu na ya kuoga upande ule, yasikutane kabisa maana kuulanti ni sumu. Ukifunge baada ya themostati ili injini ipate joto lake kwanza, rejeta ya zamani ibaki palepale kwa siku tenki likishakuwa la moto, na juu ya tenki acha bomba la kupumulia wazi. Mafundi wanapenda kuliziba hilo bomba eti linadondosha maji. Wakatalie.