Kigari cha kutafuta mapipa yaliyofukiwa: acheni kamera kwanza

Vijana wa Nachingwea wametuandikia. Wana kigari cha rimoti na magnetometa (kipima sumaku, ambacho huhisi chuma kilichofukiwa), wanataka kutafuta mapipa ya chuma ya dawa za mikorosho yanayosemekana kufukiwa zamani nyuma ya ghala. Swali lao: wanunue kamera gani?

Jamani, kamera haioni chini ya ardhi. Kinachowaharibia vipimo ni kigari chenyewe. Mota zina sumaku ndani, na fremu ni chuma; magnetometa ikikaa mgongoni mwa kigari, itapima kigari. Ifungeni kwenye ncha ya bomba la PVC, mita 2 mbele ya mota, sentimita 30 kutoka ardhini, kwa kamba ya nailoni. Skrubu ya chuma isiwe karibu. Umbali ukiongezeka mara mbili, athari ya mota inabaki sehemu moja ya nane, kwa hiyo pesa ya kamera iende huko. Bomba refu hunesa, nalo likinesa vipimo vinayumba. Livuteni kwa kamba pande zote kama mlingoti wa ngalawa.

Kisha jaribuni mahali pasipo chuma. Magnetometa ibaki juu ya alama ileile, kigari kielekee kaskazini, mashariki, kusini, magharibi, mota zikiwa zimewashwa. Namba zikipishana zaidi ya nanotesla 10 (nanotesla ni kizio cha nguvu ya sumaku), rudini kwenye bomba. (Kisensa cha dira cha simu hakifai kazi hii, msijisumbue.)

Uwanja wa mita 50 kwa 50, mistari ikiachana mita 1, kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, unachukua kama saa moja na nusu bila kuhesabu kugeuka. Vipimo 10 kwa sekunde vinatosha: kimoja kila sentimita 5. Mawasiliano ya rimoti yakikatika, mota zizime zenyewe.

Mapipa ya plastiki hayataonekana kabisa. Hapo inahitajika rada ya ardhini, na hiyo isubiri kiangazi, maana udongo wa mfinyanzi ukilowa humeza mawimbi yake.

Wakati wa kusi, mwendeshaji asimame upande wa kusini, upepo umpige mgongoni, vumbi lenye dawa lisimfikie. Vipimo vikionyesha dalili ya chuma, msichimbe. Ramani ya vipimo ipelekeni NEMC, baraza la taifa la mazingira. Magurudumu yaoshwe palepale ukingoni, na maji yake yakingwe kwenye beseni, yasimwagwe.