Mistari ya brashi kwenye boti: fanya hivi

Kaka, umesema umepaka boti yako ya mbao rangi ya mafuta kwa brashi, ikakauka na mistari mistari, na sasa unafikiria kukodi mashine ya kupulizia. Usikodi. Mkono unatosha.

Kwanza piga msasa namba 120 hadi mistari iishe, kisha 220. Ziba mashimo kwa puti, paka praima (rangi ya msingi), ikikauka piga msasa wa maji namba 320. Usiharakishe hapa, maana rangi inayong'aa haifichi bonde hata moja. Futa vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo.

Sasa rangi yenyewe. Ichuje kwa soksi safi ya nailoni, ongeza tapentaini kidogo kidogo mpaka iteleze bila kuchuruzika. Tafuta mwenzako: wewe unapaka kwa rola ndogo ya sponji, tabaka jembamba, kipande kidogo kwa wakati mmoja, yeye anafuata papo hapo na brashi laini karibu kavu, akiipitisha kwa ncha tu, upande mmoja. Akishapita, msirudi nyuma kugusa. Kurudiarudia rangi iliyoanza kushika ndiko kulikokuletea mistari.

Jua la Mwanza linakausha rangi kabla haijajilaza, kwa hiyo paka kivulini, asubuhi umande ukishakauka. Jioni pale ufukweni wale wadudu wa ziwani watakunasia kwenye rangi mbichi, inaumiza sana! Paka matabaka mawili au matatu, kila moja likauke kabisa, na msasa mwepesi katikati.