Kwa mnaoanza kubeba wageni kutoka Dodoma: ulizeni kabla hamjawasha gari

Msimu umeanza tena. Shule za Ulaya na Marekani zimefungwa, familia nzima nzima zinashuka kuja kuzunguka nchi yetu kwa gari, na kwenye maegesho naona sura mpya za madereva: mashati yamepigwa pasi, gari linang'aa, moyo una hamu. Nawapenda wadogo zangu, kaka na dada, na ninawaombea. Lakini wiki hii nimemwona kijana anafunga mizigo kwenye keria, mgeni amesimama pembeni anataka kusema kitu, na kijana anamjibu "hakuna matata" bila hata kugeuka. Nimeshindwa kunyamaza. Makosa ni yale yale ya miaka yote, na yanayouma zaidi hufanyika gari likiwa bado limezimwa.

Kuendesha mmefundishwa chuoni, sina cha kuongeza. Nitasema yale ambayo chuoni hayasemwi sana.

1. Gari likaguliwe jana yake jioni. Maji ya rejeta, oili, breki, feni belti, upepo wa tairi zote tano. Ya tano ni spea, na ndiyo mnayoisahau. Wili spana nayo muijaribu kwenye nati zenyewe, maana nimeshamsaidia dereva porini, baada ya Itigi, mwenye spea mpya kabisa na spana isiyoingia kwenye nati hata moja. Wageni wake walikaa chini ya mti saa nyingi wakicheza karata, wakawa marafiki wa watoto wote wa eneo lile. Walifurahi sana. Yeye hakufurahi.

2. Jifunzeni lugha ya malori. Njia ya Singida ndiyo njia ya semi zinazokwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na wale madereva huzungumza na nyinyi muda wote. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia, anakwambia tulia, kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto, anasema pita. Usiku gari linalokuja likiwasha ya kulia, linakuonyesha ubavu wake unaishia wapi. Matawi mabichi yaliyopangwa barabarani yanasema kuna gari limeharibika mbele, punguza. Huu ni ustaarabu mkubwa wa barabara zetu na ninajivunia kuueleza kwa wageni. Ila mwenye lori anakupa taarifa tu, uamuzi unabaki kuwa wako. Yeye anaona barabara, haoni kila kinachotoka kichakani. Kijana mmoja niliyemlea kazini alipewa kushoto karibu na Manyoni, akatoka kwa nguvu, akakutana na ng'ombe wanaanza kuvuka. Breki aliyokanyaga ilimwaga chai ya siti zote za nyuma. Mchungaji alisimama, fimbo mabegani, akamtazama kwa upole mpaka kundi lote likaisha, akapunga mkono. Hakuna aliyeumia. Siku hizi kijana yule akipewa kushoto, kwanza anachungulia, halafu anachungulia tena.

Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, hata kama huoni mtu, na trafiki mwenye tochi yupo. Mlima Sekenke uteremkeni na gia mliyopandia, breki ziacheni zipumue. Mafuta jazeni mjini.

3. Kolo, penye michoro ya kale ya miambani ya Kondoa, si mahali pa kupita dakika kumi. Kutoka Dodoma hadi Kondoa mjini ni kilomita kama 160, lami tupu, kwa hiyo mnawaambia wageni "ni karibu" na mnaondoka saa nne asubuhi. Matokeo yake mnapanda kilima jua la utosi. Ondokeni alfajiri. Pale Kolo pitieni ofisi ya mambo ya kale, lipeni, chukueni mwongozaji wa pale pale. Michoro ile ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na si kwa sababu ya uzuri wa rangi peke yake: watu wa eneo lile bado wanayatumia baadhi ya mapango kwa matambiko yao. Mkikuta pango lina shughuli, salimieni, kaeni mbali, kamera zishuke. Mgeni asiguse mchoro, na asimwagie maji ukuta ili picha itoke vizuri. Mwambieni wakati mko bado chini, maana akishafika juu anahema, chupa iko mkononi, hakusikii.

Tena ulizeni magoti. Nasema kweli, ulizeni. Nilimwona mama mtu mzima kutoka Ujerumani aliyekuwa akisoma habari za michoro ya Kondoa tangu ujana wake, amefika mpaka chini ya kilima, na hapo ndipo dereva akajua kwamba amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Alibaki kwenye gari na kitabu chake. Mwongozaji angeulizwa jana yake, angemchagulia pango lisilo na mpando mkali. Mama hakulalamika, na hilo liliniuma kuliko angelalamika.

4. Dawa. Hapa nawaomba msome polepole.

Tulitoka Dodoma magari mawili kwenda Hifadhi ya Ruaha kwa njia ya Mtera na Iringa. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, joto limeshaanza kupanda. Gari la mbele aliendesha kijana mzuri sana, mchangamfu, anayependwa na kila mgeni. Asubuhi alikuwa amechelewa. Deli la barafu alikuwa amelijaza soda na bia mpaka kifuniko hakifungi, na ndani ya gari mizigo ilibana. Binti mmoja Mfaransa alikuwa ameshika kibegi kidogo cha bluu mkononi. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Alisema neno moja mara mbili, akaonyesha deli. Kijana akadhani anataka soda, akacheka, akampa moja, akachukua kile kibegi, akakitia ndani ya begi kubwa na kulifunga juu ya keria chini ya turubai jeusi. Akamwambia "hakuna matata". Binti akatabasamu, kwa sababu wageni wengi wamefundishwa kwamba hilo ndilo neno letu, na kwamba likishasemwa mambo yamekwisha.

Siku nzima jua lilipiga lile turubai. Mtera tulikula perege, tukapiga picha upande wa maji, tukaingia Iringa jioni. Usiku binti alichukua kibegi chake akatumia dawa yake kama kawaida. Asubuhi akaitumia tena. Kijana hakujua lolote, akakifunga tena juu.

Hifadhini mchana alianza kunywa maji. Chupa ya kwanza ya lita moja na nusu, ya pili, ya tatu. Aliomba kujisaidia kila baada ya muda mfupi, na mnajua kule hakuna kushuka kwenye gari ovyo, ni mpaka pale paliporuhusiwa. Wenzake walimtania kidogo. Kijana naye alitania, kwa upendo tu, akampa jina la tembo anayekausha mto. Kisha akaanza kutapika. Akalala siti ya nyuma, anapumua kwa nguvu kama mtu aliyekimbia, na pumzi yake inanukia matunda yaliyoiva kupita kiasi. Rafiki yake ndiye aliyepiga kelele: kisukari. Begi likashushwa. Nilivishika vile vichupa vya insulini mwenyewe, vilikuwa vya moto kiganjani, na dawa inayopaswa kuwa angavu ilikuwa imeingia ukungu. Alikuwa anajidunga dawa iliyokwisha nguvu.

Kutoka Msembe, makao makuu ya hifadhi, hadi Iringa mjini ni kilomita kama 130, na sehemu kubwa tuliyopita siku ile ilikuwa vumbi na mawimbi. Kijana aliendesha bila kusema neno. Nilikuwa nyuma yake, naona taa zake tu ndani ya vumbi. Hospitalini walimwekea dripu na insulini nzuri, wakakaa naye usiku kucha. Alipona, Mungu ni mwema. Safari yake ilikomea pale. Alikuwa ameweka akiba muda mrefu aje aone simba, na alikuwa bado hajamwona hata mmoja.

Usiku ule nilimkuta kijana kwenye maegesho anatoa soda kwenye deli, moja moja, anazipanga chini kwenye saruji. Alizitoa zote. Aliniuliza, "Kaka, lile neno aliniambia mara mbili, lilikuwa nini?" Lilikuwa "frigo". Alikuwa anaomba jokofu.

Ameniruhusu niwasimulie haya ili yasimpate mwingine. Leo yeye ni mmoja wa madereva ninaowaamini zaidi, na ana maswali yake matatu kwenye kikaratasi, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani: Una dawa inayotaka baridi? Una dawa unayotakiwa kuwa nayo karibu? Kuna kitu mwili wako haupatani nacho? Anampa kila mgeni asome mwenyewe, anasubiri jibu mbele yake, ndipo anapogusa mzigo. Dawa inakaa ndani ya gari, kwenye deli, imefungwa kwenye kitambaa isiguse barafu, maana insulini ikiganda nayo inaharibika. Soda zitatafuta pa kukaa.

5. Maji. Wengi wenu mmekulia huku kwetu kwenye ukame, na mgeni akisema anataka kupanda chombo cha majini mnamwitikia tu. Bwawa la Mtera lina viboko na mamba. Mtumbwi wa mvuvi usio na maboya ya kuvaa haumbebi mgeni wako, hata abembeleze vipi, na upepo wa kiangazi huongezeka mchana, kwa hiyo kama ni kutoka, ni asubuhi na mapema. Ukutani mwa bwawa, ulizeni walinzi kabla kamera hazijatoka.

Wanaomalizia safari pwani, Bagamoyo au Pangani, watakuta upepo wa kusi unavuma miezi hii ya katikati ya mwaka na bahari imechafuka. Nahodha akisema leo hatutoki, mwamini. Msimlazimishe kwa sababu ratiba yenu imeandikwa Jumanne. Nimeona dereva wa bara akibishana na mzee wa jahazi aliyezaliwa juu ya maji, na nilimwonea huruma yule mzee kwa subira yake. Jambo la kufanya ni kuacha siku moja tupu kati ya jahazi na ndege ya kurudi kwao. Hiyo siku mnaiweka kwenye ratiba tangu Dodoma, na mnamweleza mgeni ni ya nini.

6. Baridi. Waambieni wageni kwamba Dodoma ya Juni na Julai ina upepo na asubuhi zake zinahitaji sweta. Hawaamini mpaka watetemeke.

7. Chakula ulizeni pia. Mwenye kula mlenda kwa furaha mtamjua, na asiyekula nyama msimpeleke nyama choma mkamwambia achague kachumbari.

Jumamosi kuna gari linatoka kwenda Kolo saa kumi na mbili kamili asubuhi. Anayetaka kujifunza kupanga mzigo na kufunga turubai aje saa kumi na nusu, aje amekula, na aje na kalamu.