Tuulizane: Niko munganga, nataka tena teze ya antropolojia

Mwezi huu barua tatu zimeingia kama vile wenye kuziandika waliketi benchi moja. Zote ni mambo ya unganga na masomo ya jamii. Ya kwanza ilikuwa ndefu sana nimeikata kidogo, mwenyewe anisamehe.

Jambo Yaya. Niko mwanafunzi wa medsini hapa Bukavu, niko D2 ya sistemu ya zamani, mwaka wa pili nyuma ya graduat. Tangu nianze staji mu lopitali kuna kitu kinanisumbua kichwa. Wagonjwa wanafika wamechelewa kabisa, tumbo imevimba, macho ya manjano, ukiuliza mbona hamukuja mbele wanasema ni karuho, ile sumu mtu anatiliwa na mwingine, walimupeleka kwanza kwa mama mmoja kule juu Kadutu anatapishaka watu, wakamaliza huko wiki mbili. Mukubwa wetu wa staji anacheka, anasema andika tu kwamba amechelewa, tuendelee. Mi siwezi kucheka. Nimeanza kusoma antropolojia, yaani masomo ya maisha na mila za watu, kwenye simu usiku, nikaona Marekani kuna watu wanafanya medsini na doktora ya antropolojia pamoja, wanatoka na dipulome mbili. Mi pia naweza? Naweza kufanyia hapa ama lazima nitoke? Baba anasema nikitaka kujua mambo ya mila niende kijijini kwa koko, muzazi wake, kule ni bure. – D2, Bukavu

Mudogo wangu, baba yako amenichekesha, na hajakosea yote, koko anajua mengi kuliko vitabu vyako vya kwenye simu, shida ni kwamba koko hatakupa dipulome.

Tuanze na hiyo Marekani ju njo inachanganya watu wengi. Kule mtu haingii medsini akitoka sekondari kama sisi. Anamaliza kwanza chuo miaka minne, halafu njo anaanza medsini, miaka minne mingine. Wale wa dipulome mbili wanafanya miaka miwili ya medsini, ile ya darasani, wanatoka, wanaenda kuandika teze, kile kitabu cha utafiti cha doktora, halafu wanarudi kumalizia miaka miwili ya lopitali. Jumla inafikaka karibu miaka 8, na mtu wa antropolojia anaweza kupita hapo ju yeye lazima aende kuishi na watu, ajifunze lugha yao, akae mpaka wamuzoee, hiyo haiharakishwi. Serikali yao kupitia NIH, ofisi yao ya utafiti wa afya, inalipia hiyo njia tangu 1964, lakini ile pesa ni ya raia wao na wenye karatasi ya kukaa kule daima, tena sehemu kubwa inaenda kwa watu wa maabara, wenye panya na mikroskopu, si kwa watu wa daftari kama wewe. Kuna vyuo vinaweka pesa yao wenyewe na vinaweza kupokea mgeni, sikatai, ila usijenge maisha yako juu ya hiyo.

Hapa kwetu mulango wa namna hiyo hauko, na kuna historia. Mwaka 1971 Mobutu aliunganisha vyuo vyote vikawa kimoja, UNAZA, chuo cha taifa cha Zaire, na fakilte zikagawanywa kama nguo za marehemu, medsini ikabaki Kinshasa, lugha na sayansi za jamii zikapelekwa Lubumbashi. Kati ya hiyo miji ni zaidi ya kilomita 1500. Kwa hiyo kwa miaka fulani mwanafunzi wa unganga na mwanafunzi wa sosiolojia wa Kongo hawakuweza hata kugongana kwenye foleni ya chakula. UNAZA ilivunjwa 1981, leo UNILU, chuo cha Lubumbashi, iko na fakilte zote mbili, vyuo vya Bukavu na Goma pia vingine viko nazo, lakini ile tabia ilibaki, kila fakilte ni nyumba na kila nyumba na mbwa wake.

Njia yako basi ni ya kufuatanisha, si ya kuchanganya. Maliza medsini. Maliza kabisa, staji ya mwisho, kiapo, namba ya Ordre, ile inayoandikisha waganga, ile namba hakuna mtu atakunyanganya hata teze ikishindikana. Fanya kazi kidogo, hata miaka miwili, kwenye zone ya afya ya mbali ukiweza. Halafu tafuta masta ya antropolojia ama ya afya ya jamii, halafu teze. Wafaransa wengi walipita hivyo hivyo, Didier Fassin alikuwa munganga kwanza, akaingia sayansi za jamii nyuma, na leo wanamusoma kama mwanaantropolojia zaidi. Kwa bursi, pesa ya masomo, angalia Ubelgiji mbele, kuna mashirika mawili, ARES ya upande wa Kifaransa na VLIR-UOS ya upande wa Kiflamanda, zote zinapokeaka Wakongomani, na Antwerp kuna ile taasisi ya magonjwa ya tropiki, ni ya tangu 1906, masta yake ya afya ya jamii inajulikana na waganga wengi wa kwetu. Teze unaweza kuifanya na maprofesa wawili, mumoja hapa mumoja kule, unaenda miezi kadhaa unarudi kukusanya habari Bukavu. Hiyo mi naipenda kuliko zote ju shamba lako la utafiti liko Kadutu, haliko Brussels. Ila uliza mapema, kwa maandishi, kama fakilte ya sayansi za jamii inapokea dipulome ya medsini vile ilivyo ama itakudai kwanza mwaka wa kujipanga. Usiamini jibu la mudomo la sekretari.

Sasa tukuje kwa karuho, ju hapa njo kuna barua yako ya kweli.

Wewe unasema wagonjwa wanachelewa ju ya karuho. Una hakika? Paul Farmer, yule Mumarekani wa medsini na antropolojia wa Harvard aliyepata zote mbili 1990 na kufariki Butaro hapo Rwanda Februari 2022, alikuwa anasomea huku anaenda Haiti anarudi, kijiji kinaitwa Cange. Kule watu walisema ukimwi na kifua kikuu vinaweza kutumwa na mtu, sawasawa na karuho yako. Waganga wenzake walikuwa na jibu tayari, kwamba hawa hawamalizi dawa ju wanaamini uchawi. Yeye na wenzake wakachunguza wagonjwa wa kifua kikuu, kundi moja likapewa dawa bure peke yake, lingine dawa bure na pesa kidogo ya chakula na ya njia na mtu wa kuwatembelea nyumbani. Kundi la pili walipona karibu wote, la kwanza waliopona ni kama nusu tu. Na ile imani ya kutumiwa ugonjwa haikuonyesha tofauti yoyote, mtu alikuwa anaamini jirani amemutumia na dawa anameza vilevile.

Hiyo ilinipiga ju mi mwenyewe niliwahi kuwa kama mukubwa wako wa staji. Nilikuwa munganga mupya kwenye kituo kimoja milimani, akaja mama na mtoto karibu amekufa, niliandika kwenye kitabu "imani potofu", na nilijisikia mwenye akili sana siku ile. Nesi mumoja muzee aliniambia kwa sauti ya chini, munganga, huyu mama alijifungua hapa hapa mwaka jana, akashikiliwa wiki tatu ju hakuwa na pesa ya kutoka. Wiki tatu na kichanga, kwenye kituo chetu sisi wenyewe. Yule mwenye kutapisha alikuwa anakubali kuku, ama deni mpaka mavuno. Nilifuta ile maneno lakini alama ya bik ilibaki, ukurasa ulipasuka kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kuandika teze ya karuho, hesabu. Siku ya kwanza lopitali inadai nini, pikipiki kutoka kwao mpaka kwenu ni faranga ngapi, huyo mama wa Kadutu anadai nini na analipwa lini. Pengine utakuta karuho ni jina ambalo familia inatoa ju kusema "tulikuwa hatuna pesa" mbele ya munganga ni haya. Pengine utakuta si hivyo. Mi sijui, wewe njo utajua, ila usiende na jibu mufukoni.

Na kama mtu anakuambia hiyo si kazi ya munganga mukumbushe Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, watu zaidi ya 2200 walikufa, na chanjo ilikuwepo! Chanjo nzuri. Lakini Desemba 2018 watu wa Beni na Butembo waliambiwa hawatapiga kura na wengine ju ya Ebola na usalama, kesho yake waandamanaji wakavamia kituo cha Ebola pale Beni. Hakuna maabara itakuelezea hiyo. Ilibidi watu wa sayansi za jamii wakae kwenye mikutano ya asubuhi pamoja na waganga, na mara nyingi waliitwa nyuma, moto umeshawaka.

Ubaya nao nikuambie. Waganga watakuita mtu wa hadithi, wanasosiolojia watakuita mtu wa sindano. Wenzako wa promosheni watakuwa na kliniki na gari wewe ungali unaandika sura ya tatu. Na kuandika kwenyewe ni kujifunza upya, ju medsini inatufundisha kukata maneno mafupi na antropolojia inataka urefushe, ueleze, usikie mtu mpaka amalize, mtu wa dakika kumi kwa mgonjwa inamuuma hiyo. Tena si lazima ufike doktora. Arthur Kleinman, munganga wa akili, mukubwa sana kwenye hii kazi, kwa antropolojia ana masta tu, na wenye doktora zao wanamusoma yeye.

Kwa sasa nunua daftari. Andika vile watu wanasema, kwa Kiswahili chao ama Mashi yao, usitafsiri, na usiandike jina la mgonjwa hata moja. Siku utataka kuyatumia kwa utafiti wa kweli unapita kwanza kwa komite ya etike, ile inayochunga haki za wagonjwa.

Shikamoo Mama wa gazeti. Binti yangu amemaliza unganga hapa Goma, tumelipa minervali miaka yote hiyo, shamba moja limeenda. Sasa anasema anataka kurudi shule kusoma sosiolojia mpaka doktora. Atazeeka shuleni? Nimukatalie? – Mama wa Majengo

Marahaba Mama, na pole kwa shamba.

Usimukatalie, na usilipe. Ukishatoa pesa ya unganga umemaliza yako, hii nyingine aitafute kwa kazi yake ama bursi, na akikosa bursi mwaka huu afanye kazi mwaka huu, hata huko kufanya kazi kutamusaidia kujua anataka kuuliza nini. Na kutuma mtoto nje bila bursi ni kumutupa. Kuzeeka usiogope sana. Daktari Mukwege wa lopitali ya Panzi, Bukavu, alizaliwa 1955 na doktora yake ya Brussels aliipata 2015, hesabu mwenyewe, na ilikuwa ya medsini, juu ya fistula, yaani kazi aliyokuwa anaifanya kila siku kwa mikono. Alikuwa ameshapasua wamama wengi kabla ya kuandika.

Kitu kimoja muulize binti, nani atamuoa si swali, muulize: unataka kujua nini? Akikujibu kwa jina la dipulome, mwambie asubiri.

Yaya, tuamulie. Hapa Lubumbashi tuko na bishano kazini, munganga na mtu wa teze, nani ni dokta wa kweli? – Wawili wa Kenya

(Kenya ni komini ya Lubumbashi, wasomaji wa Nairobi mutulie.)

Dipulome ya medsini kwetu iliitwa doktora tangu zamani za Wabelgiji, lakini ni dipulome ya kazi, inakupa ruhusa ya kutibu. Dokta wa teze ameandika kitu kipya na wamemuuliza maswali mbele ya watu. Munganga akitaka kuwa profesa wa chuo na yeye anaandika teze, hiyo "dokta" yake ya kwanza haimusaidii hapo. Kwa hiyo wote wawili ni wa kweli, ila mtu akianguka kwenye basi wakaita dokta, wa teze abaki ameketi.