Re: Kondoo wamevimba chini ya taya
Habari ndugu. Umesema kondoo wako watatu wamevimba chini ya taya, sufu inanyofoka, na dawa ya minyoo umewanywesha mara mbili bila nafuu.

Kabla ya kununua chupa nyingine, vuta kope ya chini utazame rangi ya ndani. Ikiwa nyeupe badala ya nyekundu, damu imepungua sana, na mara nyingi ni minyoo wa tumboni wanaofyonza damu. Hapa Kinangop nilimpoteza jike mwenye mimba hivyohivyo. Uvimbe wake ulikuwa laini kama kifuko cha maji, asubuhi unapungua, jioni akitoka malishoni umerudi. Nilikuwa nakisia uzito wa kupimia kiasi cha dawa na kurudia dawa ileile. Wapime kwa mizani, kisha badilisha aina ya dawa, si jina la chupa tu. Albendazoli, kiungo cha dawa nyingi za minyoo, ni albendazoli hata lebo ikibadilika. Kama malisho yako yana majimaji na konokono, daktari wa mifugo apime kinyesi aangalie na minyoo wa ini.

Maziwa yao msinywe mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe. Na tafadhali, usiwape chumvi ya madini ya ng'ombe: nyingi ina shaba, nayo hujilimbikiza kwenye ini la kondoo ikamuua.