A/T au M/T kwa pikapu ya dagaa

Ndugu, umeuliza ufunge tairi za A/T (all-terrain, za njia za kila aina) au za M/T (mud-terrain, za matope). Kwa kuwa pikapu yako hubeba dagaa kutoka mialo ya Magu hadi Mwanza mjini, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni lami, ningechagua tairi za A/T. Za M/T zina kashata (vipande vya mpira vinavyokanyaga njia) kubwa zilizoachana ili zijisafishe tope zinapozunguka, hivyo ni hodari kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika. Lakini kwenye lami hupiga kelele, huisha mapema na, jambo ninaloliona zito kuliko yote, hushika vibaya zaidi barabara iliyolowa, ambako gari lenye mzigo huhitaji kusimama upesi. M/T ningempa anayeingia mashambani Kwimba kila mvua inaponyesha.